Andika kwa Penseli

Majina ya waliochaguliwa yalipotoka, mama hakuuliza nimepangiwa chuo gani. Alikuwa anakata mabingobingo nyuma ya banda, akainuka na panga mkononi, akasema, "Kwa hiyo sasa utakuwa daktari wa ng'ombe." Nikaitikia. Haikuwa kweli, na nilijua si kweli, kwa sababu nilikuwa nimesoma maelezo ya ile kozi mpaka nikayakariri. Lakini banda lile lilikuwa tupu tangu mwaka uliotangulia, na yeye bado alikata majani kila asubuhi kwa mazoea, akimuuzia jirani. Sikuwa na moyo wa kumwambia kwamba nakwenda Morogoro kusomea hadubini.

Aliyekuwa kwenye banda lile aliitwa Subira. Mama alimpata kwa utaratibu wa kopa ng'ombe lipa ng'ombe: kikundi kinakupa mtamba, akizaa ndama jike unamrudisha ili mwenzako naye apate. Kwetu Muheza ng'ombe mmoja wa maziwa aliyechanganywa damu anaweza kubeba nyumba nzima, na Subira alitubeba. Daftari zangu, nauli yangu, sare yangu ya kidato cha tano, vyote vilitoka kwenye ndoo yake. Aliugua siku sita. Alianza kwa homa na kukataa majani, tezi chini ya sikio zikavimba kama malimau, macho yakatiririka machozi. Siku ya tano pumzi ikawa ya kuvuta. Siku ya sita povu likamtoka puani. Aliyeitwa kumtibu alimdunga oksitetrasaiklini siku tatu mfululizo, halafu akaongeza dawa ya minyoo. Kila sindano ililipiwa. Hakuna aliyemtoa hata tone moja la damu akaliweka kwenye kioo cha hadubini apime.

Hayo niliyajua baadaye. Wakati ule nilijua tu kwamba ng'ombe amekufa na mama amekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, hasemi kitu.

Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo kiko chini ya milima ya Uluguru, na asubuhi ukitoka Mafiga kwa miguu unaiona ile milima imejifunika ukungu. Kozi yangu ilikuwa Shahada ya Bioteknolojia na Sayansi za Maabara, miaka mitatu, chini ya ndaki ileile inayofundisha madaktari wa mifugo, ambao wao husoma miaka mitano. Uingereza kuna vyuo vinavyotoa shahada ya namna hii kwa jina la sayansi ya bioveterinari. Jina lolote utakaloipa, kiini ni kimoja: unasoma ugonjwa wa mnyama kuanzia ndani, kwenye chembe, kwenye damu, kwenye vimelea na virusi, lakini humtibu mnyama. Wenzetu wa udaktari walipokwenda kliniki na koti la kijani, sisi tulikwenda maabara na koti jeupe. Wiki za kwanza hilo liliniuma kweli. Nilitazama koti la kijani jinsi mtoto anavyotazama mandazi ya dukani.

Watu wakisikia chuo chetu hupenda kuniuliza habari za panya. Ni kweli, panya buku wa shirika la APOPO wanafundishwa palepale Morogoro kunusa mabomu ya ardhini na makohozi ya wagonjwa wa kifua kikuu, na mmoja wao, Magawa, alipewa nishani ya dhahabu mwaka 2020 kwa kazi aliyoifanya Kambodia. Nawapenda sana wale panya. Ila masomo yangu yalikuwa ya kimyakimya kuliko hapo.

Somo la kwanza lililonibadilisha lilikuwa la kutengeneza kioo cha damu. Unalisikia jambo hili ukadhani ni dogo. Unatoboa mshipa mdogo wa sikio, unachukua tone lisilozidi kichwa cha kiberiti, unaliweka karibu na mwisho wa kioo. Kioo cha pili unakilaza kwa pembe ya kama nyuzi 45, unakirudisha nyuma mpaka kiguse tone, damu itambae pembeni yote, kisha unakisukuma mbele mara moja tu, bila kusita. Ukisita, damu inakuwa na mawimbi. Ukikandamiza, chembe zinapasuka. Ikitoka vizuri inaisha kama ncha ya ulimi, na pale nchani chembe zinalala moja moja, hazipandani, ndipo pa kutazama. Unaikausha kwa kuipunga hewani, unaizamisha kwenye methanoli dakika chache, halafu rangi ya Giemsa kwa nusu saa. Nilitengeneza vioo karibu sitini kabla sijapata kimoja ambacho mwalimu alikitazama bila kukunja uso.

Kioo hicho ndicho nilichokosea kukisoma. Nilikaa kwenye hadubini, lenzi ya mafuta, nikaona vitone vyeusi vya zambarau ukingoni mwa chembe nyekundu. Nikaruka. Ukingoni mwa chembe! Ndivyo anavyokaa anaplazma, kimelea cha ndigana baridi. Nikaandika jibu kwa herufi kubwa. Mwalimu akaja, akainama, akazungusha kitufe cha fokasi taratibu, mbele, nyuma, mbele.

"Ukishusha fokasi, chembe inabaki. Na kitone je?"

Nikatazama. Chembe ilipokuwa wazi kitone kilififia, na kitone kilipong'aa chembe ilififia. Havikuwa kwenye tabaka moja. Ulikuwa uchafu wa rangi uliokaa juu ya damu, kwa sababu sikuichuja rangi yangu.

"Umeona," akaniuliza, "au umetaka kuona?"

Hakusema kwa ukali. Lakini swali lile nimelibeba mpaka leo, na ningetaka kila mwenye kuvaa koti jeupe aulizwe walau mara moja. Kwa jibu langu lile ng'ombe mzima angedungwa dawa ya ugonjwa asionao. Nilipofika hosteli usiku ule nilimkumbuka Subira kwa namna nyingine. Yule aliyemtibu naye alikuwa ametaka kuona. Hakuwa mtu mbaya. Hakuwa na kioo, akakisia.

Ndigana kali, ugonjwa wa ng'ombe unaoletwa na kupe, tulifika kuisoma mwaka wa pili. Mhadhiri wa vimelea aliweka picha ukutani: chembe nyeupe ya damu kutoka kwenye tezi, na ndani yake kibonge cha bluu kilichonyunyiziwa vitone vyekundu vya zambarau. Vinaitwa vibonge vya bluu vya Koch, kwa jina la Robert Koch, Mjerumani aliyewahi kuchunguza damu za ng'ombe Dar es Salaam mwishoni mwa karne ya 19. Kimelea ni *Theileria parva*, na anayemleta ni kupe wa masikio, yule wa kahawia. Ndiyo maana tezi ya kwanza kuvimba huwa ni ile ya chini ya sikio. Akishaingia, anafanya jambo la kutisha: anaishika chembe nyeupe, ambayo kazi yake ni ulinzi, anaifanya igawanyike bila kukoma kama saratani, na kila inapogawanyika naye anagawanyika nayo. Askari wa mwili wanageuzwa kuwa kiwanda cha adui. Mhadhiri alitaja na dawa, bupavakwoni, inayofanya kazi vizuri ikiwahi. Akasema oksitetrasaiklini haiokoi ng'ombe ambaye ugonjwa umeshamwelemea. Akaendelea na slaidi nyingine.

Mimi sikuendelea. Nilibaki pale kwenye siku sita za mama. Homa, tezi, machozi, pumzi, povu. Kila kitu kilikuwa pale ukutani kwa mpangilio, na kila mwanafunzi alikuwa anakinakili kwenye desa kwa ajili ya mtihani.

Sitaki kueleza masomo yote. Kemia ya viumbe ilinipa sapu, nikairudia Septemba nikapita. Waliodisko, yaani walioondolewa chuo kwa kufeli, walikuwa na akili kama sisi, wengine bumu, ile pesa ya mkopo wa chuo, lilichelewa wakashinda njaa wiki ya mitihani. Nitaeleza PCR tu, njia ya kuzidisha DNA mpaka ionekane. Unachukua kipande kidogo cha DNA ya kimelea, unakipasha joto mpaka nyuzi 95 ili kamba zake mbili ziachane, unakipoza ili vianzio, vipande vifupi vya DNA vya kuanzishia, vishikane nazo, unakirudisha 72 kimeng'enya kijenge kamba mpya. Mzunguko mmoja unafanya kimoja kiwe viwili. Mizunguko 30 ikikamilika bila hitilafu, kipande kimoja kimekuwa zaidi ya bilioni moja. Nguvu hiyo ndiyo hatari yake, maana uchafu nao unazidishwa hivyohivyo. Kwenye utafiti wangu wa mwisho, kile kichupa cha maji matupu ninachokiweka ili kinihakikishie kwamba sijachafua kitu kilitoa mstari unaong'aa kwenye jeli ya kusomea majibu, sawa na sampuli za wagonjwa. Siku tatu za kazi. Sampuli nyingine zote zilikuwa na majibu mazuri, ya kupendeza, ya kupata alama. Hakuna mtu aliyekuwepo maabara saa ile. Nilikaa na ile picha ya jeli mbele yangu muda mrefu kuliko ninavyopenda kukiri, kisha nikaandika kwenye daftari: majibu hayafai, rudia yote.

Niliweza kuandika vile kwa sababu ya jambo lililonipata kabla ya hapo, kwenye mafunzo kwa vitendo.

Nilipangiwa maabara moja ya mifugo, na kutoka huko tulikwenda kwenye maboma ya Wamasai upande wa Mvomero. Mzee mwenye boma alitupokea saa kumi na mbili asubuhi, kabla ng'ombe hawajatoka. Alikuwa na ng'ombe kama sitini, na kumi na wanne kati yao hawakumridhisha. Nilikuwa nimeshika kipima joto changu kipya. Yeye alipita katikati yao, akiweka kiganja chini ya sikio la kila mmoja, sekunde moja, mbili. "Huyu. Huyu. Huyu bado. Huyu oltikana." Ndilo jina la ndigana kali kwa Kimaa. Nilipopima, wale aliowataja walikuwa na nyuzi 40 na zaidi. Vijana wake wakawakamata na kuwalaza mmoja mmoja, mimi nikatoboa tezi, nikapaka kioo, nikaandika namba. Ilituchukua asubuhi nzima. Ng'ombe wake walichelewa malisho kwa ajili yangu.

Namba niliziandika kwa kalamu ya wino.

Jioni, maabara, nikavizamisha vioo kumi na vinne kwenye methanoli. Methanoli inayeyusha wino. Nilivitoa vikiwa safi, vyeupe, vizuri, havina namba hata moja. Msimamizi wangu alivitazama, akafungua droo, akanipa penseli. Kwenye kioo kuna upande uliokwaruzwa kidogo, mkavu kama karatasi; umewekwa kwa ajili ya penseli, ambayo methanoli haiiwezi. Nilikuwa nimefundishwa hilo. Lilikuwa kwenye desa langu, limepigiwa mstari.

Vioo vilisomwa. Saba vilikuwa na vibonge vya bluu. Saba kati ya kumi na nne, na hakuna aliyejua ni saba wapi.

Kesho yake nilirudi bomani peke yangu, kwa bodaboda. Nilimwamkia mzee, akaitikia, akaninyooshea kigoda. Nikamweleza kila kitu. Sikutafuta neno la kujifichia, kwa sababu sikulipata. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akaniuliza, "Hao wako kumi na wanne tu?" Nikasema ndiyo. "Mimi hawa wote nawajua. Huyu mama yake nani, huyu alizaliwa mvua ipi. Sijawahi kumchanganya hata mmoja." Akanyamaza. "Wewe ng'ombe wangu umemwita namba. Namba haina uso."

Akawaita vijana. Tukawakamata tena wote kumi na wanne.

Safari hii niliandika kwa penseli, na kwenye daftari kando ya kila namba nikaandika jina alilonitajia mzee, kwa Kimaa, nikimwomba arudie mpaka nilipate sawa. Wenye ugonjwa walipata bupavakwoni kutoka kwa bwana mifugo siku ileile. Wawili hawakupona, walikuwa tayari wanapumua kwa shida nilipokuja mara ya kwanza. Siku moja ile niliyowapotezea inanihusu, na sitaki mtu aniondolee.

Tangu hapo sijawahi kupokea sampuli isiyo na maelezo nikaipima kimyakimya. Nauliza: ya nani, imechukuliwa lini, mnyama yukoje sasa hivi. Wengine wananiona msumbufu.

Jambo jingine nililoliona kwenye mafunzo yale ni kimeta. Tulipigiwa simu, ng'ombe amekufa usiku, jana alikuwa mzima. Tulipofika watu walikuwa wameshanoa visu. Damu nyeusi ilikuwa inatoka puani na haikuwa imeganda, na mwili haukuwa umekakamaa. Msimamizi alinishika mkono kabla sijasogea. Mzoga wa kimeta haupasuliwi, kwa sababu bakteria wake wakipata hewa wanajifunga kwenye mbegu ngumu ambazo zinakaa ardhini miaka kwa miaka, zikingoja ng'ombe mwingine aje kulisha pale. Akavaa glavu, akachukua damu kidogo ya sikio, basi. Kwenye hadubini nikaviona: vijiti vya bluu vyenye ncha bapa, vimejipanga kama mabehewa, kila kimoja na ganda la waridi. Ni kitu kizuri kukitazama, nasema kweli, na ndicho kilichokuwa kinataka kuua familia ile.

Mwenye ng'ombe alikuwa mama mjane. Alisema nyama ile ni ada ya mtoto. Hakuna somo la chuo linalokufundisha la kumjibu. Msimamizi alikaa naye chini, akamweleza polepole, akamsubiri alie. Mzoga ulifukiwa shimo la mita mbili pamoja na udongo ulioloa damu, waliougusa wakapelekwa zahanati, na ng'ombe waliobaki wakachanjwa. Mjane alikosa nyama na akakosa ada. Nilirudi nikiwa najua kwamba jibu sahihi la maabara linaweza kuwa habari mbaya kuliko zote alizopata mtu mwaka ule, na bado inabidi alipate.

Nilipomaliza chuo, watu wa nyumbani walianza kuniita daktari. Nilikataa, nikaonekana najidai. Sheria ya Veterinari ya mwaka 2003 iko wazi kwamba mwenye kutibu ni aliyesajiliwa na Baraza la Veterinari, na shahada yangu hainifanyi kuwa mmoja wao. Mjomba alinuna miezi miwili kwa sababu sikukubali kumdunga mbuzi wake. "Umesoma bure basi," akasema. Iliniuma, lakini wakati huo ule wivu wa koti la kijani ulikuwa umeshanitoka. Ulinitoka darasani, siku tuliyosoma sotoka. Ugonjwa ule uliteketeza ng'ombe wa Afrika Mashariki miaka ya 1890 na kuwaacha Wamasai na njaa iliyoua watu wengi. Ulitangazwa umefutika duniani mwaka 2011, wa pili baada ya ndui. Chanjo iliyofanya kazi kubwa kuliko zote ilitengenezwa Muguga, Kenya, na Walter Plowright na wenzake, watu waliolea virusi kwenye chembe za figo ya ndama, wakivihamisha kutoka chupa hadi chupa mara tisini na zaidi mpaka vikapoteza ukali. Chupa tisini! Ng'ombe wengi waliookolewa hawakuwahi kuwaona wale watu. Sasa ndugu yake, sotoka ya mbuzi na kondoo, amewekewa lengo la kufutwa ifikapo 2030, na sampuli zake zinahitaji mtu wa kuzisoma.

Mama nilimweleza mwaka wa tatu, likizo ya Krismasi. Nilimchorea kibonge cha bluu nyuma ya bahasha. Alikitazama muda mrefu.

"Angepimwa, angepona?"

"Angepimwa siku ya kwanza au ya pili, pengine."

"Kipimo kile shilingi ngapi?"

Nikamtajia. Ilikuwa chini ya sindano moja kati ya zile alizolipia. Hakusema kitu, akainuka akaenda kufunga kuku.

Mwaka jana kikundi kilimpa mtamba mwingine. Amemwita Riziki. Anamkagua kupe kila jioni kwa taa ya simu, ndani ya masikio yote mawili, na ananyunyizia dawa kwa siku zake bila kuruka. Mwezi Machi, mvua zilipoanza, alinipigia alfajiri, sauti imemtulia.

"Tezi ya kushoto imekuja. Homa anayo, nimemgusa. Bwana mifugo yuko hapa, nimemwambia kioo kwanza, sindano baadaye. Amekubali." Nikasikia anaongea na mtu pembeni, halafu akarudi kwenye simu. "Anauliza jina la mnyama anaandika wapi."

"Upande uliokwaruzwa, mama. Kwa penseli."

"Haya." Akageuka. "Penseli, baba. Andika Riziki. R, I, Z..."

Nilikaa kitandani na simu sikioni, nikimsikiliza akimtajia herufi.